Fundi Mkuu na Makarani Wake wa Bati

Tulimwita Fundi Mkuu, na mpaka leo sijui alikuwa mkuu wa nani, maana kiwanda chetu cha chai kule milimani, upande wa Amani, kilikuwa na fundi umeme mmoja tu, naye ni yeye. Labda alikuwa mkuu wa nguzo. Nilifanya naye kazi miaka tisa, nikagombana naye karibu kila juma, na kama ungeniuliza habari zake siku zile ungesikia mengi ambayo leo nayaonea haya. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Marehemu mama alikuwa akisema, huyu mtoto akinyamaza mpelekeni hospitali.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na koti lake la kazi lilikuwa na mifuko mingi iliyojaa vitu vinavyogongana na kulia: skrubu, koleo, vipande vya waya, funguo ambazo milango yake ilishaoza. Ukimsikia anapanda ngazi ulikuwa na muda wa kutosha kuacha umbea na kushika kazi. Alizungumza polepole, na akikuuliza swali alikungoja ujibu kweli. Watu wengi hawalipendi jambo hilo.

Miaka ile ilikuwa ya mgao. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, tumepata tajiri mpya na meneja mpya, kila mtu anaimba soko huria, soko huria, lakini umeme ulikuwa uleule wa zamani. Na sisi wote tulikuwa na neno moja la kuusema: umeme mbaya. Taa ikififia, umeme mbaya. Mota ikikoroma, umeme mbaya. Redio ya mpishi wa ofisi ikinuka moshi, umeme mbaya huo. Neno hilo lilimuudhi Fundi Mkuu kuliko tusi.

"Mbaya vipi?" alikuwa akiuliza. "Ukienda zahanati ukasema mtoto wangu mbaya, utapewa dawa gani? Umeshuka? Umepanda? Umeyumba? Fezi ngapi zimekatika? Saa ngapi?"

"Fundi, mimi nimekasirika, wewe unaniuliza saa!"

"Usinipe hasira, Mama Hilda. Nipe saa."

Sasa saa ningeitoa wapi? Mimi kazi yangu ilikuwa darini, kwenye vitanda virefu vya wavu ambapo majani mabichi ya chai yanatandazwa na kupulizwa na feni mpaka yanyauke. Vitanda sita, feni sita, na kila feni ina mota kubwa ya fezi tatu, yaani inalishwa na njia tatu za umeme kwa pamoja. Umeme ukiyumba nilijua kwa masikio, sikujua kwa saa. Na ndiyo maana, alipochoka kutuuliza sisi, akatengeneza karani.

Nasema karani kwa sababu ndivyo alivyomwita. Kilikuwa kisanduku cha bati, lile la kuwekea sampuli za chai, na ndani yake kompyuta. Nilipoambiwa ni kompyuta nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kompyuta nilikuwa nimeiona moja, ofisini kwa meneja, ina kioo, na kitambaa cha kuikinga na vumbi, na mama wa mishahara alikuwa ananawa mikono kabla ya kuigusa. Hii ya Fundi haikuwa na kioo wala vitufe vya herufi. Ilikuwa chipu moja nyeusi yenye miguu mingi kama tandu, na waya zimeunganishwa kwa risasi kila mahali.

"Ile ya ofisini inajua kazi nyingi," alisema, "na hakuna hata moja inayoifanya bila kusimamiwa. Hii inajua kazi moja tu. Inautazama umeme usiku na mchana bila kupepesa, na ukitoka kwenye njia yake inaandika. Fezi ipi, volti ngapi, saa ngapi, na kwa muda gani."

Iliandika kweli. Ilitumia mashine ya hesabu iliyotupwa na ofisi, ile ya kuchapa kwenye karatasi nyembamba ya risiti, na asubuhi ulikuta utepe umening'inia mpaka sakafuni.

Ila msidhani ilipatikana kirahisi. Ile chipu aliing'oa kwenye mzani wa elektroniki ulioharibika, na chipu ilikuwa bado inakumbuka mambo ya mzani. Ilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni, na namna ya kuisahaulisha ilikuwa kuiacha juani siku nyingi, jua likafuta kila kitu, ndipo ifundishwe kazi nyingine. Jua! Kule kwetu nguo za mtoto zinakauka siku ya nne tena zikinuka moshi wa jikoni. Aliianika juu ya bati la stoo wiki tatu, ikaota kuvu, na mzani haikuusahau.

Mwishowe akaifunga kwenye pamba, akampelekea dada yake Muheza, ambako jua lipo, pamoja na barua: iweke juu ya paa, kidirisha kitazame juu, mvua ikija iingize ndani. Dada mtu, mwanamke makini, akaianika kwenye ungo pamoja na makopa yake ya muhogo. Na kila saa sita mchana akaigeuza, kama makopa, ili ikauke pande zote mbili. Kwa hiyo nusu ya muda chipu ililala kifudifudi. Ilichukua zaidi ya mwezi. Tulipoisikia hadithi hiyo kantini tulicheka wiki nzima, lakini Fundi hakumlaumu dada yake hata kidogo.

"Kosa langu," alisema. "Nilimwambia afanye nini, sikumwambia kwa nini."

Halafu akaenda Tanga kwa rafiki yake mwenye kompyuta kamili, wakaifundisha, akarudi nayo imefungwa kwenye leso kama hirizi.

Ushindi wa kwanza wa karani ulikuwa kwenye televisheni. Klabu ya wafanyakazi ilikuwa na televisheni moja, na kila jioni, mpira ukianza tu, picha ilikuwa ikinywea. Wachezaji wanakuwa wafupi, wanene, kisha giza. Watu walishaapa kwamba kuna mkono wa mtu. Fundi akasoma utepe wake siku tano, kisha akapanda darini kwangu.

"Mama Hilda, jioni unawasha feni ngapi kwa pamoja?"

"Zote sita. Nikishafika kwenye swichi nianze kuzunguka nini?"

"Basi anayezima televisheni ni wewe."

Loo, nilimpa maneno! Lakini akaniwekea sheria: washa moja, hesabu mpaka thelathini, washa ya pili. Nikawa nahesabu kwa sauti ya juu makusudi, asikie huko chini jinsi anavyonitesa. Televisheni ikapona siku hiyohiyo, na wanaume waliokuwa hawanisalimii wakaanza kuniletea ndizi. Nikazila, nikaendelea kulalamika.

Vijana wawili wa shirika la umeme nao walikuja, wakakiona kile kisanduku, wakacheka kama nilivyocheka mimi. Wakafunga chombo chao cha kupimia, cha kutoka Ulaya, kwa juma zima. Waliporudi kulinganisha, yule mkubwa alikaa chini akaulizia ile chipu inauzwa wapi. Fundi alimjibu kwamba haiuzwi, inaanikwa. Baadaye walikuja wakarekebisha transfoma yetu, na kwa muda fulani tulisahau ile habari ya umeme mbaya.

Lakini msije mkadhani alikuwa mtu wa kunyooka kila upande. Mtu huyu aliyedai saa kwa kila jambo hakuvaa saa, na hakuwahi kufika kwenye kikao kwa wakati. Alifanya kazi kiwanda cha chai na chai hakunywa, alisema inamkausha koo. Alitembea na chupa ya uji. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwenye nguzo, na ndani akawasha chemli.

"Mbona huvuti umeme, Fundi?" nilimuuliza.

"Umeme huu naijua tabia yake. Mgeni ambaye unaijua tabia yake humkaribishi kulala."

Na radi! Radi ikipiga aliacha koleo linaning'inia kwenye waya, akakimbilia stoo, akakaa juu ya magunia ya chai miguu imeinuliwa, akisoma dua kwa sauti. Sisi wanawake tulimcheka waziwazi. Alitujibu kwamba hatuogopi kwa sababu hatujui kitu. Mvua ikikatika alirudi akiwa amenuna, na siku hiyo usimuombe balbu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimezunguka sana na ninajua kwa nini nazunguka.

Mimi si Mshambaa wa kuzaliwa. Baba yangu alitoka Njombe kuja kuchuma chai, nikazaliwa kwenye laini za shambani, zile nyumba za wafanyakazi. Mshambaa ni mume wangu, kwao Rangwi. Na mwanamke aliyeolewa kwenye kabila la watu, mwenzangu, hushika desturi kuliko wenyewe, asije akasemwa. Asubuhi moja, yapata saa nne, askari wa geti akanitumia ujumbe: baba mkwe wako yuko hapa, ametoka Rangwi, amelala njiani. Nilikuwa peke yangu darini na feni sita zinavuma. Sheria ya pale ilikuwa moja tu, mtu wa feni haondoki. Mota ikibadilisha sauti, anabonyeza kitufe chekundu. Lakini nimwache baba mkwe asimame getini kama muuza karanga? Nikasema nashuka dakika moja, namwamkia, narudi.

Dakika moja! Nilipiga magoti, nikaanza kwa Kishambaa changu cha kujifunza, *Onga makeo*, naye akaitikia, na mzee wa Kishambaa akianza kuamkiana hana haraka na mtu. Hamjambo nyote? Watoto? Mvua huku imekuwaje? Mahindi? Nami lazima nimuulize ya kwake yote kwa zamu, mama mkwe, mashemeji, yule ng'ombe wa madoa, jirani aliyevunjika mguu. Kumkatisha ni kumwambia safari yake haina maana. Nikiwa pale magotini nikasikia feni moja kule juu inaguna. Niliisikia vizuri kabisa. Nikajifanya sikusikia, nikamngoja mzee amalize habari za mguu wa jirani.

Niliporudi, dari lilikuwa limejaa moshi. Mota ya feni ya nne imeungua, harufu yake ilikuwa mpaka barabarani, na majani ya kitanda kizima yamenuka moshi, hayafai. Nikabonyeza kitufe. Meneja alipopanda mbio alinikuta nimesimama palepale.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mzee. Imeungua ghafla tu."

Nilidanganya mchana kweupe, na sauti haikutetemeka.

Hakuniamini. Alisema nilikuwa nimelala, akaniandikia barua: kikao Ijumaa. Nilijua maana yake. Tajiri mpya alikuwa anapunguza watu na sababu zilikuwa zinatafutwa kwa tochi. Mume wangu alikuwa kibarua wa msimu, chumba cha laini kiliandikwa jina langu. Kazi ikienda na chumba kinakwenda. Hilda yuko darasa la tatu, mdogo wake yuko mgongoni. Tungekwenda kujibanza Rangwi, kwa mzee yuleyule, na shamba lao lilikuwa halitoshi waliopo. Siku tatu hizo sikula.

Nilimfuata Fundi Mkuu karakana. Nilimwamkia kwa adabu ambayo hakuwahi kuiona kwangu.

"Fundi, nakuomba. Sema ni umeme mbaya. Safari hii tu."

Wakati huo alishatengeneza kisanduku cha pili. Mmoja akimwita Karani wa Mlangoni, pale umeme unapoingia kiwandani, mwingine Karani wa Darini, kwenye feni zangu. Alikuwa ameshika tepe mbili, moja kila mkono, anazilinganisha.

"Bado nasoma," alisema.

Hakuniangalia hata usoni. Nilitoka nikimlaani, yeye na mabati yake. Nilisema huyu ana kokoto mahali pa moyo.

Ijumaa alikuja amechelewa, kama kawaida. Meneja alikuwa ameshaanza kunisomea. Ndani ya chumba tulikuwa wanne tu: meneja, mtu wa chama cha wafanyakazi, mimi, na yeye aliyeingia skrubu zikilia mifukoni. Akatandaza tepe zake juu ya meza, moja juu, moja chini.

"Mota haikuunguzwa na huyu mama," alisema.

Meneja akatabasamu. "Umeme mbaya, siyo?"

"Umeme siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote za mwezi huu. Tazama mlangoni, fezi tatu zimenyooka. Tazama darini, kwenye feni ya nne, ni mbili. Ya tatu imepotelea njiani, ndani ya kiwanda. Mota ya fezi tatu ukiilisha mbili inaguna, inapata moto, inaungua." Akatoa mfukoni kipande cha waya kilichokuwa cheusi kama mkaa, akakiweka mezani. "Imepotelea hapa. Kiungo hiki nilikifunga mimi. Nilikifunga vibaya. Na kinga ya mota, ambayo ingezima yenyewe, niliilegeza mimi mwezi uliopita."

Mimi ndiye niliyejua alilegeza kwa nini. Tulimsumbua sisi watu wa darini, mimi mbele yao, kwamba kinga inazimazima feni ovyo, atulegezee. Hilo hakulitaja. Na mimi, mwenye mdomo wangu wote, siku hiyo sikuutumia.

"Unaelewa unachosema?" meneja alimuuliza.

"Naelewa. Kimeandikwa."

Angeweza kulisingizia shirika. Nani angembishia? Kila mtu nchini alikuwa analisingizia. Wanasema msema kweli mpenzi wa Mungu. Mpenzi wa meneja hakuwa. Nikaambiwa nirudi kazini. Yeye akapunguzwa mwisho wa mwezi, wakaleta kijana wa mkataba kutoka mjini ambaye hakujua hata zile tepe ni za nini. Siku alipoondoka, watu walitoka kumuaga. Mimi nilijificha nyuma ya kitanda cha sita mpaka gari lilipoteremka. Niliona aibu, na aibu ile niliifanya hasira, nikawa nasema kantini kwamba kumbe fundi mwenyewe hajui kufunga waya. Ndiyo, nilisema hivyo. Nayaandika ili yasinikae rohoni.

Miaka ikapita. Hilda alipochaguliwa kwenda sekondari upande wa Lushoto nilimsindikiza mwenyewe, na kwa kuwa nilisikia Fundi amehamia huko, nilipomwacha shuleni nikauliza sokoni, kwa wauza kabichi na plamsi, kama wanamjua mzee fulani wa kupima umeme. Walimjua wote. Wenye mashine za kusaga walikuwa wanampandia kilimani foleni, kila mmoja na mota yake mgonjwa, na kila mmoja, nasikia, akiulizwa saa.

Nilimkuta barazani, nywele nyeupe kabisa, miwani imefungwa kwa waya.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Mama Hilda. Karibu, keti."

Sikuketi. Nilijua nikiketi nitaanza kuzungumzia mvua.

"Fundi, siku ile sikuwepo darini. Nilidanganya."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya pili yake. Fezi ilipokatika, karani aliandika saa. Ulipobonyeza kitufe, akaandika tena. Katikati yake dakika kumi na nne. Mtu aliyesimama pale hawezi kusikiliza mota inaguna dakika kumi na nne."

Nikaketi sasa. "Mbona hukusema?"

"Waliuliza mota imeunguzwa na nini. Imeunguzwa na kiungo changu. Ungekuwepo ungeizima, sawa, lakini kiungo kingebaki palepale, kikawasha dari zima siku nyingine." Akavua miwani akaifuta kwenye shati. "Ila niseme ukweli, jambo moja limenisumbua miaka yote hii. Karani hakuweza kuniambia. Ulikuwa wapi?"

"Getini. Baba mkwe alikuja kutoka Rangwi. Nilikuwa namwamkia."

"Dakika kumi na nne?"

"Kulikuwa na jirani yao amevunjika mguu."

Alianza kucheka kidogokidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa, mpaka mkewe akatoka ndani na upawa mkononi kuuliza kuna nini. Akamweleza kwa Kishambaa, kwa kirefu, mota na moshi na geti na mkwe. Yule mama alisikiliza kwa makini. Hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Dakika kumi na nne tu?" alisema. "Mzee wa watu ametoka Rangwi, amelala njiani, wewe ukamkatisha?"

"Umesikia?" Fundi alisema, akijifuta machozi. "Basi. Hesabu imekamilika."

Ndipo mimi nikalia. Nilimwomba radhi kwa kazi yake aliyoipoteza, na kwa maneno ya kantini, na kwa kujificha siku aliyoondoka. Nilimwambia ya kinga kwamba nilijua na nikanyamaza. Nilimwambia asante kwa chumba cha laini, kwa mdogo wake Hilda aliyekuwa mgongoni, kwa Hilda niliyemwacha shuleni asubuhi ile na sanduku lake jipya. Nilisema yote, nikarudia mengine mara mbili, jua likateremka nyuma ya kilima, na uji aliotuletea mkewe ukapoa, na Fundi hakunikatisha hata mara moja.